Swali Nililouliza Bila Kuinua Kichwa

Siku mliponikatia keki mle stoo, katikati ya makatoni ya glavu, mliniomba niseme maneno machache. Nilisema "asanteni sana", nikala kipande changu, nikaenda nyumbani, mtaa wa Tena, na sufuria mliyonizawadia. Ni sufuria nzuri, ya kupikia watu kumi. Maneno niliyopaswa kuwaambia yalinijia nikiwa tayari nimefunga mlango, na humu ndani hakuna wa kumwambia. Kwa hivyo nayaandika. Mwende, wewe uliyerithi kiti changu pale dirishani, mengine unayajua. Vumilia, wenzako hawayajui.

Nilianza kazi ya dawa nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti kikiwa bado kinanuka wino. Aliyenipokea alikuwa Mista Odero, mkuu wa chumba cha dawa, mtu mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Nilidhani atanionyesha kabati, funguo na vitabu. Alinipa trei ya kuhesabia tembe na kijisu chake cha plastiki, akamimina mkebe mzima wa panadol mbele yangu.

"Hesabu tano tano," akasema.

Nikahesabu mpaka mkebe ukaisha. Akachukua zote, akazirudisha mkebeni, akazimimina tena.

"Leo humpi mtu dawa. Leo unahesabu."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

Wiki nzima nilihesabu. Nilimchukia kidogo. Baadaye nilielewa kwamba alitaka mikono yangu ijue kazi peke yake, ili kichwa kibaki huru kwa ajili ya mgonjwa. Alinifundisha kutogusa tembe kwa vidole, na kuosha trei kila baada ya penisilini, kwa sababu vumbi lake dogo tu linaweza kumfunga pumzi mtu mwenye aleji atakayefuata. Alinifundisha pia kwamba dawa haijatoka mpaka mgonjwa akurudishie maneno yako kwa mdomo wake. "Usimuulize kama ameelewa," alikuwa akisema. "Kila mtu ameelewa. Mwambie akufundishe wewe." Mwalimu yeyote angejivunia somo hilo. Odero alilisema huku akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Alistaafu akarudi kwao Ugenya, nikaachiwa funguo. Dirisha mnalijua lilivyo sasa. Wakati huo kioo chake kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe kutoka chini hadi juu kidogo ya macho ya mtu aliyeketi, na chini kabisa kulikuwa na uwazi wa kupitishia karatasi na bahasha. Nani aliipaka na kwa nini, sikuwahi kujua. Mgonjwa mrefu aliweza kuniona kwa juu akisimama wima. Mimi ili nimwone, ilibidi niache kuandika na kuinua kichwa. Siku ya watu wachache niliinua. Siku ya watu wengi niliongea na uwazi.

Dawa za kushusha mafuta ya damu zilitufikia tumechelewa. Kwa miaka mingi niliziona kwenye karatasi tu, za wagonjwa waliotumwa kuzitafuta mjini. Zilipoanza kuletwa kwetu ziliunganishwa na kliniki ya presha na sukari, kila Jumanne, na hapo ndipo nilipokutana na kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya: kumshawishi mtu asiyeumwa na kitu anywe dawa kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Mtu wa presha kichwa humgonga siku moja moja. Mtu wa kolestro hana cha kunionyesha ila karatasi ya maabara, na karatasi haimuumi. Mama mmoja wa Dandora alinirudishia tembe za miezi mitatu, zote, kwenye mfuko wa unga. "Nimepona," akasema, "mpe mwenye shida." Mwingine alikuwa akigawana na mkewe nusu kwa nusu, kwa upendo kabisa.

Basi nikatafuta maneno. Nilijaribu haya na yale, mwisho nikapata yaliyowashika. Nilikuwa nikisema: "Hii usiihesabu kama dawa. Ihesabu kama chakula. Ukila chakula cha jioni, kunywa moja. Chakula hakina kupona." Watu walicheka, wakakumbuka. Wauguzi wakaniiga. Nilijivunia maneno hayo kama mtu anavyojivunia mtoto aliyeshinda zawadi shuleni.

Kati ya watu wa Jumanne kulikuwa na mzee tuliyemwita Mzee wa Burma. Alikuwa ameuza nyama soko la Burma tangu ujana wake hadi bega likakataa kuinua shoka. Alipopewa majibu ya maabara alicheka mpaka akakohoa. "Nimeuza mafuta maisha yangu yote," akaniambia, "sasa naambiwa yamehamia ndani." Aliandikiwa simvastatini, tembe ya kushusha mafuta hayo, moja jioni. Nikampa hotuba yangu ya chakula. Akanirudishia neno kwa neno, kama Odero alivyotaka.

Alikuwa mjane, akiishi chumba kimoja Shauri Moyo. Binti yake, Nyambura, alikuwa ameolewa Ol Kalou. Kila Jumanne ya kliniki yake alifika wa kwanza kabisa, kabla ya askari kufungua lango vizuri, kisha akawaachia wote wampite. Alitaka kuwa wa mwisho. Foleni ikiisha alisogea, akaegemea kioo, tukaongea. Alinifundisha kuchagua matumbo mazuri kwa kuyatazama tu. Alinisimulia habari za mkewe, jinsi alivyokuwa akiimba kwaya na kumkataza kuimba naye kwa kuwa alikuwa akipotosha sauti za wenzake. Halafu kila mara aliuliza:

"Daktari, jana ulikula nini?"

Mimi si daktari, nilimwambia hivyo mara nyingi. Na jana yake, mara nyingi, nilikuwa nimekula mkate na chai. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kijana wetu yuko Qatar kikazi, na mtu akirudi kwenye nyumba isiyo na mwingine hawashi jiko kwa furaha. Lakini nilimwambia nimepika hiki na kile, na yeye alinisahihisha mapishi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza swali hilo. Nilipenda awe wa mwisho. Sikuwahi kumwambia.

Jina lake sikulijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki, na kila mwezi nilikifungua, lakini macho yangu yalikwenda kwenye dozi na tarehe. Kwangu alikuwa Mzee wa Burma, na hiyo ilitosha.

Ikaja Julai moja yenye baridi mbaya. Nusu ya mtaa ilikuwa ikikohoa. Mwenzangu wa dirishani alikuwa likizo, foleni imefika langoni, na mimi niko peke yangu tangu asubuhi bila hata kwenda msalani. Katikati ya hiyo asubuhi karatasi ikapita kwenye uwazi. Ilikuwa karatasi ya kawaida ya chumba cha jumla, si kitabu cha kliniki. Mgonjwa alikuwa na maambukizi ya kifua, ameandikiwa klarithromisini, antibayotiki, kwa siku saba. Jina: Zakayo Mwangi.

"Kuna dawa ingine unakunywa?" nikauliza, mkono ukiwa tayari unaandika bahasha.

"Hapana." Sauti ilikuwa imekauka kwa kikohozi, ni kama karatasi ikikunjwa.

"Uko na aleji?"

"Hapana."

"Moja asubuhi, moja jioni. Maliza zote hata ukisikia nafuu. Anayefuata!"

Sikumwambia anirudishie maneno. Sikuinua kichwa. Nilitimiza nilichotakiwa kutimiza, maswali mawili na majibu mawili, na bahasha ikapita.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya Mzee wa Burma. Nilifika nikalitazama benchi, hayupo. Nikasema baridi imemchelewesha. Saa nne hayupo. Saa sita foleni ikaisha na hakuna aliyeegemea kioo. Nikatoka nje nikawauliza waliobaki kwenye benchi kama kuna anayemjua. Mama mmoja, jirani yake, akasema yupo nyumbani.

"Ni baridi," akasema. "Imemshika miguu. Jumapili nilimwona anatembea akishika ukuta."

Neno "miguu" lilinigonga mahali fulani, lakini bado sikujua kwa nini. Nikaingia ofisi ya kliniki kutafuta faili lake, nipate namba ya simu. Muuguzi akaniuliza jina. Nikasema Mzee wa Burma. Akacheka, akanitolea: Zakayo Mwangi.

Jina hilo nilikuwa nimeliandika. Nilirudi chumba cha dawa nikafungua rejista ya wiki iliyopita, nikashuka na kidole mpaka nikalikuta, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mbele yake klarithromisini, siku saba. Niliketi. Kila mtu wa dawa anajua kwamba hizo mbili haziwekwi pamoja. Antibayotiki ile huzuia ini kuiondoa simvastatini mwilini. Simvastatini inajilimbikiza siku baada ya siku, misuli inaanza kuvunjika, na takataka za misuli zinakwenda kuziba figo. Anayepewa hiyo antibayotiki husimamisha ya kolestro mpaka amalize, au hupewa antibayotiki ya aina nyingine. Ningeweza kuwaambia hayo nikiwa usingizini. Niliyeshindwa kumwambia ni mzee aliyekuwa amesimama nusu mita kutoka kwangu.

Nilimwomba muuguzi alishike dirisha, nikaenda Shauri Moyo vile nilivyo, na koti jeupe mwilini.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amelala kitandani na koti lake zito, blanketi juu yake.

"Hodi, Mzee."

Akageuza uso. Alipoona ni mimi akajaribu kucheka. "Daktari? Leo dirisha limekuja nyumbani?"

Alijaribu kuinuka akashindwa. Alisukuma kwa mikono, kiuno kikakataa.

"Miguu imekuwa ya mtu mwingine," akasema. "Na mapaja yanauma kama mtu aliyebeba ng'ombe mzima kutoka soko hadi hapa. Na sijabeba hata kilo."

"Mkojo uko aje?"

"Aaa, Daktari. Hayo tuyaache."

"Niambie rangi tu, Mzee."

Akatazama ukuta. "Kama strungi," akasema.

Chai isiyo na maziwa. Nikasogea mezani. Juu ya meza hiyo, karibu na redio, kulikuwa na bahasha mbili zimepangwa sambamba, zote zikiwa na mwandiko wangu.

"Umekuwa ukikunywa zote mbili?"

"Sijakosa hata siku moja. Hata siku niliyoshindwa kula, hiyo ya jioni nilikunywa."

"Nilipokuuliza kama kuna dawa ingine unakunywa, mbona ulisema hapana?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji ndiye aliyelisema kwanza.

"Uliniuliza dawa," akasema. "Hii uliniambia ni chakula."

Nilizitia bahasha zote mbili mfukoni mwa koti, nikatoka kutafuta gari.

Fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani alitubeba kwa pikapu yake mpaka hospitali kubwa. Mlangoni nilimwambia daktari kila kitu bila kuzungusha: dawa zipi, dozi gani, siku ngapi, na nani alizitoa. Walipima damu, wakasimamisha zote mbili, wakamtundikia maji. Figo zilikuwa zimeanza kufunga. Siku ya pili wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu, na ilibidi wairudie mara kadhaa kabla figo hazijaanza kufanya kazi zenyewe tena.

Nilikwenda kumwona kila siku nikitoka kazini. Siku ya kwanza muuguzi wa wodi alishika daftari la wageni akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mimi humpa dawa," nikasema.

Aliniangalia, akaandika "jamaa".

Nyambura alifika kutoka Ol Kalou siku ya tatu, mwanamke mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinishukuru kwa kumwokoa baba yake. Nilisikia shukrani hiyo ikiniingia kama mwiba, nikajua siwezi kukaa nayo. Siku Mzee alipoweza kuketi na kushika kikombe mwenyewe, niliwaambia wote wawili.

"Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekupa ile antibayotiki. Nilikuuliza bila kukutazama. Ningeinua kichwa ningekujua."

Nyambura aliinuka akaenda kusimama dirishani mwa wodi, mgongo kwangu, na sikumlaumu. Mzee alizungusha kikombe mikononi.

"Mimi nilikuona," akasema. "Siku ile. Nilikuona kwa juu ya kioo. Nilitaka nikusalimu, lakini sauti haikuwepo, na ulikuwa na kazi. Nikasema, wacha, nitamsalimu Jumanne."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinipa kikombe nikiweke chini.

Kazini nilijaza fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Mkuu wa kituo wakati huo, mtu mwema asiyependa kelele, alisimama nyuma yangu akasoma.

"Nekesa, andika tu kwamba mgonjwa hakutaja dawa zake. Si ni ukweli?"

"Alijibu vizuri nilichomuuliza," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyezipa jina lingine."

Nikaandika kama ilivyokuwa. Niliitwa mbele ya kamati, nikaeleza, nikapewa barua, na kwa mwezi mmoja nikaondolewa dirishani nikapelekwa stoo kuhesabu makatoni. Nilikuwa nimeshafundishwa kuhesabu. Kilichoniumiza ni kimya cha mle ndani, siku nzima bila sauti ya mgonjwa hata mmoja. Sikujua kwamba hayo yalikuwa mazoezi.

Niliporudi dirishani, Jumamosi ya kwanza nilikuja na wembe na maji ya sabuni, nikaikwangua ile rangi nyeupe yote. Hakuna aliyeniruhusu na hakuna aliyenikataza. Vidole vilikuwa na malengelenge wiki nzima. Kioo mnachopita mkikifuta kila asubuhi, kile ndicho.

Na maneno nikayabadilisha. Sikusema tena "kama chakula". Nilisema: "Hii ni dawa. Huumwi, lakini ni dawa, na yeyote atakayekupa dawa nyingine, hapa au kwenye kemia ya mtaani, lazima umtajie jina lake." Niliacha kuuliza kama kuna dawa ingine. Nikawa nauliza: "Kila siku unakunywa nini? Tembe, unga, majani, chochote, hata kama huumwi." Mngeshangaa vitu vilivyotoka. Watu walinifungulia mifuko. Mwanamke mmoja alikuwa na simvastatini yetu na nyingine ileile ya kununua, jina tofauti kwenye pakiti, anakunywa zote akidhani moja ni ya moyo na nyingine ya mafuta. Mwanamume mmoja alikuwa akinywa juisi ya balungi kila asubuhi, gilasi kubwa, kwa kuwa alisikia inayeyusha mafuta. Balungi nalo huizuia simvastatini kutoka, kama ile antibayotiki. Mwingine alikuwa na unga wa mitishamba usio na jina, na aliyemuuzia alimwambia asimwambie mtu wa hospitali. Hilo peke yake lilitosha nimwambie aache.

Niliwaambia pia ya misuli, na hapa nawaomba ninyi muwe makini, kwa sababu ni rahisi kumtisha mtu akaitupa dawa inayomlinda na kiharusi. Wengi wanaoinywa hawapati shida yoyote. Kuchoka kidogo baada ya kufua siyo hii. Lakini maumivu ya misuli yasiyo na sababu, udhaifu wa kushindwa kuinuka kwenye kiti, na zaidi ya yote mkojo kuwa mweusi, hapo asingoje tarehe ya kliniki, asimeze nyingine, aende hospitali siku hiyohiyo. Ngozi au macho yakigeuka manjano, vivyo hivyo, ini linapiga kelele. Akisahau moja, asinywe mbili kesho yake. Msichana akipanga kupata mimba, aseme kabla. Na anayetaka kuacha aje aache mbele yetu, si gizani peke yake, maana kuna dozi ndogo na kuna aina nyingine.

Nikishasema hayo, nilimwambia anifundishe. Foleni ilinung'unika. Niliiacha inung'unike.

Mzee wa Burma hakurudi kwenye foleni hiyo. Alipotoka hospitali Nyambura alimchukua Ol Kalou, na daktari wa huko baadaye alimwanzishia aina nyingine, dozi ndogo. Alinipigia simu mara tatu au nne. Alilalamikia baridi, alilalamikia wachinjaji wa huko kuwa hawajui kukata, aliniuliza nilikula nini. Kisha simu zikapungua, nami nikawa nasema nitampigia wikendi. Nilikuwa mtu wa kusema hivyo.

Aliyenipigia mwishoni alikuwa Nyambura. Baba yake alikuwa amefariki usingizini, moyo, na walikuwa wamemzika siku tisa zilizopita.

"Nisamehe nimechelewa," akasema. "Nilikuwa nataka kukualika lakini sikujua jina lako. Baba alikuwa akisema tu 'Daktari wangu'. Nimepitia simu yake yote leo. Kumbe alikuandika 'Dirisha'."

Jumanne iliyofuata foleni ilipoisha nilikaa nikipanga bahasha zilizokuwa zimeshapangwa, mpaka askari akaja kuuliza kama kuna shida.

Miaka iliyobaki nitaipita haraka. Nilifanya kazi, nikafundisha, mwisho nikakufundisha wewe, Mwende, na hukuhitaji kuhesabu wiki nzima, ingawa nilitamani. Halafu keki, halafu nyumbani.

Hakuna aliyeniambia kuhusu sauti. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliongea na watu kuanzia asubuhi mpaka koo likauma. Sasa kuna siku inafika saa kumi, natoka kununua maziwa, namwambia mwenye duka "moja", na nasikia sauti yangu imekwaruza, nagundua hilo ndilo neno langu la kwanza tangu nilipoamka. Mwanangu hupiga Ijumaa. Majirani ni vijana, wanatoka alfajiri, na tukikutana kwenye ngazi wananiambia "Niaje, mathee," wamepita kabla sijajibu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nimeanzishiwa atorvastatini, ndugu ya simvastatini. Mafuta ya damu hayajali umekaa upande gani wa kioo. Nilikuwa nikiinywa vizuri. Kisha mwezi wangu wa nne nyumbani mapaja yakaanza kuniuma. Nanyi mnadhani nilifanya nini, mimi niliyewahubiria watu wote hao? Niliacha. Sikumwambia mtu. Wiki tatu kopo lilikaa kabatini, na mimi kila asubuhi nikitazama rangi ya mkojo, naogopa, najua mno. Hakukuwa na mtu mezani wa kuniuliza, "Mbona leo hujakunywa?" Hapo ndipo nilipoelewa jinsi ilivyo rahisi. Si ukaidi. Ni kwamba ukiwa peke yako hakuna anayesikia ulichoamua, basi unahisi ni kama hukuamua.

Mwishowe nilikuja kituoni, nikaketi kwenye benchi kama wengine. Daktari kijana alinisikiliza, akapima damu kuangalia misuli na ini. Vyote vilikuwa sawa. Akaniuliza kama nimefanya kazi nzito. Nikafikiri. Nilikuwa nimehamisha kabati la nguo kutoka chumba kimoja hadi kingine, peke yangu, kwa kulisukuma na mgongo. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Akaniambia nianze tena dawa.

Nikaja dirishani kwako, Mwende. Ulinitazama usoni, ukataka nikurudishie maneno, nami nikayarudisha yote, hata ya balungi. Nikadhani tumemaliza. Ukaniuliza swali ambalo mimi sikukufundisha.

"Madam, nyumbani unaishi na nani?"

"Kwa nini?"

"Siku hizi nauliza wote. Kama siku moja utashindwa kuamka, nani atajua?"

Nikatazama nyuma yangu, kulikuwa na foleni. "Niko na watu," nikasema. Ukaandika.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilirudi. Nilipanga foleni. Ilikuwa ndefu, mbele yangu kuna mama mwenye mapacha, na nilikuwa na muda mwingi wa kubadilisha nia. Nilipofika mbele nilishika ukingo wa dirisha.

"Jana nilikupa jibu baya," nikakwambia. "Naishi peke yangu. Andika hivyo."

Hukushangaa wala hukunihurumia, na nakushukuru. Ulitoa kadi yangu, ukakata mstari mmoja, ukaandika mwingine. Kisha ukauliza, "Nikupigie siku gani?"

"Siku yoyote," nikasema.

Watu nyuma yangu walikuwa wameanza kukohoa na kusogeza miguu. Wewe uliacha kalamu juu ya karatasi, macho yako kwangu, ukangoja mpaka nikataja siku.